Kioo na Kigezo Chake

Neno kioo kwetu lina maana mbili: ni kile tujitazamacho, na ni kile tutazamacho kupitia kwake. Washairi wa pwani wameitumikia mno maana ya kwanza. Leo, msomaji mpenzi, niruhusu niishike ya pili, ijapokuwa yatupeleka mbali na bahari, hadi Galula, katika bonde la Rukwa, mkoani Songwe.

Njia ya Galula hutoka Mbalizi, kisha huendelea hadi Mkwajuni na Makongolosi, nchi ya dhahabu. Katika njia za namna hiyo Land Rover iliaminiwa kwa miongo mingi. Nilipopita huko niliikuta moja ya zamani chini ya mwembe. Upande wa dereva ulikuwa na kioo. Upande wa pili, ubao.

"Shikamoo mzee. Mbona ubao?"

"Marahaba, mwanangu. Kioo cha gari hili hakiuzwi tena. Nitabandua cha dirisha la nyumba nikitie hapo."

Jibu lile lilinitia hofu. Kioo cha dirisha kikivunjika huwa visu. Husimuliwa kuwa mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara, nayo ikapasuka bila vipande kutawanyika, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na utando uliokauka. Mwaka 1909 alipata hataza ya kioo cha tabaka: vioo viwili vilivyogandamana na utando katikati. Utando wa zamani uligeuka manjano kwa jua. Wa leo ni plastiki ibakiyo angavu. Kipo pia kioo kilichochomwa hadi zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Hicho huvunjika punjepunje, wala hakikatiki tena: sharti kikatwe kabla ya kuchomwa.

Kuvifufua vioo vya magari ya kale, basi, ni kazi ya namna mbili. Land Rover, iliyoonyeshwa kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilipewa kioo cha mbele cha vipande viwili bapa. Fundi mwenye kioo cha tabaka, karatasi ngumu ya kuchorea kigezo na kikatio kizuri huweza kukitoa kipya siku hiyohiyo.

Peugeot 404 ni habari nyingine. Ndilo gari alilolishindia Bert Shankland, dereva wa Tanzania, mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967. Kioo chake cha mbele kimepinda. Hapo hutakiwa kalibu: vioo viwili hulazwa pamoja juu ya fremu ya chuma, katikati hunyunyizwa unga visishikane, kisha hupashwa moto hadi vilegee na kujikunja kwa uzito wao wenyewe. Ndipo hutiwa utando na kugandamizwa kwa joto. Gharama ya kalibu hupungua vioo vikiwa mia. Mwenye gari la kale ahitaji kimoja tu. Ndiyo maana kioo kizima, hata kilichochubuka, hakifai kutupwa: ndicho kipimo cha kuundia kalibu.

Mwaka 2023 kiwanda cha vioo bapa kilizinduliwa Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Kioo chaweza kupatikana. Kigezo kikipotea, hakuna kiwanda kitakachokirudisha. Nami mfasiri nalijua hilo: ubeti uliopotea haufasiriki.

Nikamwambia mzee vipande vile viwili ni sawa kwa umbo, na kile kilichobaki ndicho kigezo cha kilichopotea. Akacheka. "Basi nilikuwa nikikitazama kila siku."

Akaleta boksi la karatasi, akalikunjua. Tukalilaza juu ya kioo kizima, tukachora ukingo wake kwa mkaa. Nilimsihi asikate kioo cha nyumba, bali apeleke karatasi ile Mbeya, akatiwe kioo cha tabaka. Upande ule wenye ubao ndio wajukuu wake wakaao.