Bushi na Boljointi: Kutoka Bomba la Grisi hadi Kaunta ya Spea

Gurudumu la mbele la gari hushikwa na mikono ya chuma, na kila mkono una viungo vya aina mbili. Upande wa bodi kuna bushi, yaani mpira uliogandishwa kati ya mirija miwili ya chuma, ambao hujinyonga kidogo mkono unapopanda na kushuka. Upande wa gurudumu kuna boljointi: tufe la chuma ndani ya kikombe kilichozibwa, linaloliwezesha gurudumu kupanda na kushuka huku likikata kona kwa wakati mmoja. Vyote viwili vimeumbwa vichakae. Katika gereji za Afrika Mashariki, kazi ya kuvifungua na kuvifunga imembadilisha fundi hatua kwa hatua: alianza kuwa mtunza grisi, akawa mtengenezaji wa vipuri, kisha akawa mchaguzi wa spea.

Magari yaliyofika pwani na bara katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 hayakuwa na boljointi. Gurudumu la mbele liligeuka juu ya kingpini, nondo nene iliyosimama ndani ya bushi za shaba, na uzito wa gari ulilala juu ya springi za mabamba yaliyopangwa. Kifaa hicho kiliweza kufufuliwa. Kingpini ikilegea, fundi alizitoa bushi za shaba, akapigilia mpya, akazichonga kwa ndani mpaka pini ikae bila kucheza. Malori mengi yanatumia mtindo huo hadi leo, na fundi wa malori bado anaujua kwa mikono.

Adui wa kingpini alikuwa vumbi. Likichanganyika na grisi iliyozeeka, hugeuka msasa unaokula shaba na chuma pamoja. Kwa hiyo kazi ya kila mara ilikuwa kulala chini ya gari na bomba la grisi, kuisukuma grisi mpya mpaka ile chafu itoke. Wakati wa ukoloni gereji nyingi za mijini zilimilikiwa na Wahindi au kampuni za Wazungu, na kijana Mwafrika aliingia humo akiwa spana boi, yaani msaidizi wa fundi, akijifunza kwa kutazama. Vita Kuu ya Pili ilifungua njia nyingine: jeshi la Waingereza lilihitaji madereva na makanika, likawafundisha askari wa Afrika Mashariki, na baadhi yao walirudi nyumbani na ufundi ambao waajiri wengi wa kabla ya vita hawakutaka kuwapa.

Mabadiliko yalianzia mbali. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 namna ya kuuchoma mpira kwa salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Bila ugunduzi huo bushi ya mpira isingewezekana. Nchini Marekani, Lincoln ya mwaka 1952 iliacha kingpini ikatumia boljointi, na magari ya Ford yakafuata mwaka 1954. Wakati huohuo mhandisi Earle MacPherson aliunganisha shokapu na springi kuwa mguu mmoja, akabakiza mkono mmoja tu chini ya kila gurudumu na boljointi moja mwishoni mwake. Ford Consul na Zephyr za Uingereza zilianza kuuzwa na mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Afrika Mashariki iliyaona mabadiliko hayo yakipita mbele ya macho yake, katika mashindano ya magari ya Safari Rally yaliyoanza mwaka 1953. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, na mara zote hizo ilikuwa bado na kingpini. Ilipata boljointi mwaka 1965, na Kombi ikaipata mwaka 1967. Peugeot 404, yenye miguu ya MacPherson, ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. Gari lililofika Nairobi likiwa limesimama wima baada ya maelfu ya kilomita za matope na mawe lilijitangaza lenyewe. Haishangazi kwamba Peugeot, na hasa 504 iliyokuja baadaye, ilikuwa teksi ya masafa marefu na gari la ofisi kwa miongo kadhaa.

Lakini viungo vipya vilikuja na sharti lake. Kilichozibwa kiwandani hakihitaji grisi ya kila mara, wala hakifunguki. Mpira mdogo unaofunika boljointi ukipasuka, mchanga na maji huingia, na tufe hukwangua kikombe bila mtu kuona. Bushi nayo huchakaa taratibu: joto na jua huukausha mpira, mafuta ya injini huulainisha, kisha barabara ya vumbi yenye mawimbi huurarua. Mtengenezaji alitarajia kwamba siku hiyo ikifika, mwenye gari atanunua kipuri kipya. Matarajio hayo yalihitaji duka lenye spea na nchi yenye fedha za kigeni.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 vyote viwili viliadimika. Uganda ilikuwa imewafukuza Waasia mwaka 1972, na pamoja nao wakaondoka wenye gereji na maduka ya vipuri. Tanzania ilitoka kwenye vita vya Kagera mwaka 1979 ikiwa na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni, na uagizaji ulibanwa na vibali. Mabasi ya shirika la umma la UDA jijini Dar es Salaam yalisimama yadi kwa kukosa spea, hata mwaka 1983 serikali ikaruhusu daladala za watu binafsi. Fundi hakuwa tena na cha kubadilisha, ikabidi atengeneze.

Kipindi hiki kinastahili heshima kuliko kinavyopewa. Bushi zilikatwa kutoka kwenye tairi kuukuu za malori, zikatobolewa na kusuguliwa mpaka zikaingia kwenye tundu lake. Wenye mashine ya kukereza walichonga bushi za nailoni au za chuma. Bushi ya tairi ilikuwa ngumu na ilipeleka mtikisiko wote kwenye usukani, lakini ilishika mkono mahali pake, na hilo ndilo jambo la kwanza. Boljointi ni habari nyingine. Kuikata ukingo, kuongeza kipande ndani na kuichomelea tena ni hatari, kwa sababu moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma, na tufe likichomoka gurudumu hulala chini ya gari likiwa mwendoni. Kuna mafundi waliokataa kazi hiyo hata walipoombwa, na walikuwa sahihi.

Milango ya uagizaji ilifunguliwa polepole: Tanzania kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Kenya ilipoondoa leseni za uagizaji mwaka 1993. Magari yaliyotumika ya Japani yakajaa barabarani, Corolla na Hiace mbele ya mengine. Corolla za miaka hiyo zilipunguza sana kazi ya boljointi, kwa kuwa imefungwa kwenye mkono kwa bolti na nati tatu tu. Nati kubwa ya juu ikilegezwa, fundi hupiga kwa nyundo ubavu wa jicho la chuma linaloshika shina la boljointi, shina hilo lililokaa kama kabari huachia, na boljointi mpya huingia ndani ya saa moja.

Bushi ilibaki ngumu. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa moto: mpira ulichomwa, kisha mrija wa nje ukakatwa kwa msumeno. Mashine ya presi iliondoa moshi huo, ingawa haikuondoa kosa la kawaida kuliko yote, yaani kukaza bolti za mkono gari likiwa juu ya jeki. Mpira huganda katika pembe ilipokazwa bolti. Gari likishushwa, tayari umejinyonga, na bushi mpya hupasuka mapema. Bolti hizo hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ndipo hufuata alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu.

Siku hizi uamuzi mzito hufanyika kaunta, Kirinyaga Road jijini Nairobi, Gerezani jijini Dar es Salaam au Kisekka jijini Kampala. Boljointi halisi, ya kuiga na ya mtumba hulala kwenye rafu moja, na fundi huipima kwa kuizungusha shina: iliyo nzuri hugoma kidogo, mbovu huanguka yenyewe. Karakana za Nairobi zinamimina bushi za poliyurithini zinazodumu kuliko mpira, japo ni ngumu zaidi. Kwenye magari mengi mapya mkono huuzwa mzima, bushi na boljointi zikiwa tayari ndani, na presi hubaki kwa ajili ya wenye magari ya zamani na wale ambao bei ya mkono mzima imewashinda.