Utamu wa Nyumbani na Kiasi Chake

Mtoto arudipo kutoka shuleni huku njaa inamwuma, neno lake la kwanza ni hili: "Mama, kuna kitu?" Swali hili ni la zamani, walakini jibu lake limebadilika sana. Bibi zetu walijibu kwa konzi ya karanga au kipande cha kiazi. Siku hizi wengi wetu hujibu kwa sarafu, na mtoto hukimbia dukani kununua peremende. Basi leo twataka kueleza habari za vitafunio katika nchi yetu hii ya Mpanda, ili sisi wa Shanwe tujue tulichokuwa nacho, tulichopokea, na yatupasayo kufanya.

Hapo kale utamu wa nchi hii ulikuwa asali. Mwaka 1871 Henry Stanley alipita Ukonongo katika safari yake ya kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake alisimulia habari za ndege aongozaye watu mpaka kwenye mti wenye nyuki, na jinsi Wakonongo waliofuatana naye walivyomletea masega makubwa yenye asali nyeupe na asali nyekundu. Msitu ule wa miombo ungalipo, na hata leo asali ya Inyonga na ya pande nyingine za Katavi yajulikana sana.

Lakini asali haikupatikana pasipo taabu. Mtu alichonga mzinga wa gogo au wa gome, akaupandisha juu ya mti, akangoja miezi mingi, kisha akapanda tena na moshi, akaumwa na nyuki. Kitu kilichopatikana kwa jasho kama hilo hakikuliwa ovyo. Taabu yenyewe ndiyo iliyokuwa kipimo.

Zaidi ya asali palikuwa na vyakula vya shamba. Njugu mawe ni mmea wa Afrika yenyewe. Karanga na viazi vitamu asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati. Wareno walisaidia kuvieneza pwani za Afrika baada ya mwaka 1500, navyo vikaingia bara polepole kwa mikono ya wasafiri na wakulima, hata vikawa vyetu kabisa. Ndugu zetu Wasukuma, waliohamia huku pamoja na ng'ombe wao, hukata viazi vibichi na kuvianika, wakaviita michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, huitwa matobolwa. Hiki ni kitafunio kitamu kisichohitaji sukari hata chembe.

Na sukari je, ilitoka wapi? Katika karne ya 19 palikuwa na mashamba makubwa ya miwa katika bonde la Pangani, na waliolima walikuwa watumwa. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wadachi mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwaka 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Baadaye vikaja viwanda: kule Arusha Chini karibu na Moshi katika miaka ya 1930, na Kilombero katika miaka ya 1960. Huku kwetu sukari ilikuwa mgeni wa mbali. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini Mpanda ilibaki kando. Mwishoni mwa miaka ya 1940 tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua hadi hapa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na kwa njia hiyo magunia ya sukari na ya unga mweupe yakaja kwa wepesi.

Miaka hiyohiyo jambo la ajabu lilitokea jirani yetu, huko Urambo. Serikali ya Uingereza, kwa kukosa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mvua ilikataa, ardhi ikawa ngumu, mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, baada ya fedha zipatazo pauni milioni 36 kupotea. Lakini karanga ya mama, iliyopandwa kwa jembe la mkono kando ya mahindi, haikukoma kuzaa. Twaona hapa kwamba kitu kidogo kilicho mikononi mwetu si cha kudharauliwa.

Wazee wetu wakumbuka pia shida iliyofuata vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Sukari iliadimika nchi nzima, watu wakapanga foleni kwa kilo moja. Tangu hapo wengi wetu tumeona kuwa na sukari tele nyumbani ni dalili ya neema. Lakini sasa kizuizi kimeondoka. Hakuna nyuki wa kutuuma, wala safari ndefu, wala foleni. Kipimo kilichowekwa na taabu kimeanguka, nasi hatujaweka kingine badala yake.

Hapa ndipo penye hatari. Mwaka 2015 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri kwamba sukari iongezwayo isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote mtu azipatazo katika chakula, na kwamba ni heri zaidi isipite nusu ya hiyo, yaani gramu 25 hivi kwa siku kwa mtu mzima, kama vijiko sita vya chai. Nazo soda nyingi za chupa ya mililita 350 huwa na gramu 35 au zaidi! Meno yaoza, na ugonjwa wa kisukari wapata njia. Wala tusijidanganye kwamba asali haina neno: shirika lilo hilo laihesabu pamoja na sukari. Tena mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe, maana yaweza kumletea ugonjwa mkali wa kulegeza mwili.

Basi mama afanyeje? Na achukue vikombe viwili vya karanga, azichague kwanza. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kugeuka rangi, azitupe, asimpe mtu wala kuku. Mwaka 2016 sumu ya ukungu katika mahindi iliwaua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nayo sumu hiyo huingia karanga pia, wala moto wa kukaangia hauiondoi yote. Zilizo njema azikaange bila mafuta, apepete maganda, azitwange katika kinu mpaka mafuta yake yatoke. Atie chumvi kidogo na kijiko kikubwa kimoja tu cha asali, afinyange vidonge. Vitashikana kwa mafuta ya karanga zenyewe. Karibu robo ya karanga ni chakula cha kujenga mwili, kwa hiyo kidonge kimoja au viwili hushibisha kuliko peremende kumi. Watoto wachanga wasipewe karanga nzima, wasije wakapaliwa.

Siku nyingine achemshe viazi au mahindi mabichi, au akate papai. Maandazi si dhambi, lakini yawe ya siku moja moja, na sukari ipunguzwe kidogo kidogo mpaka ulimi uzoee. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hata yakawa meusi yamwagwe.

Hatuwaambii wasomaji wetu warudi kuishi kama mwaka 1871. Reli ni njema, na duka ni jema. Lakini bibi zetu walipimiwa utamu na msitu na nyuki, na sisi hatuna wa kutupimia. Sharti tujipimie wenyewe, kwa kijiko, kila mmoja jikoni mwake.