Kinanda Hiki Mtoto wa Nani?

Masimulizi yaliyozoeleka ni mafupi. Mjerumani mmoja alivuka bahari, akafungua kiwanda North Tonawanda, jimbo la New York, mwaka 1893, na bembea za farasi wa mbao za Marekani zikaanza kuchezewa muziki na vinanda vya kujipiga vilivyoundwa huko huko. Habari iliyonyooka hivyo hunitia shaka. Kwa nini mji ule mdogo, na kwa nini wakati ule?

Jibu lipo forodhani. Watengenezaji wa bembea walikuwa tayari pale mjini, na vinanda vyao waliviagiza Ulaya. Sheria ya mwaka 1890 ikapandisha ushuru. Wengine husema mtu yule alisukumwa na mapenzi ya muziki. Huenda, lakini ushuru una tarehe, mapenzi hayana. Zaidi ya hayo, kabla ya Marekani alikuwa London, akiifanyia kazi kampuni ya vinanda ya Paris. Sasa alivuka na ufundi wa Kijerumani au michoro ya Kifaransa?

Ili kujua, nilianzia kwenye vibao vya majina vya vinanda vyenyewe. Kazi bure. Wauzaji walibandika majina yao juu ya kazi za wengine, na mafundi wa baadaye walipaka rangi upya au wakabadili uso mzima wa mbele, pamoja na sanamu ya kuchongwa ya kiongozi wa bendi mwenye kijiti mkononi. Uso ukishadanganya, umuulize nani?

Zunguka nyuma. Huko kuna mivukuto, kisanduku cha upepo na safu za filimbi. Vinanda vya kale viliongozwa na silinda ya mbao yenye pini: nyimbo chache, na ukitaka nyingine ununue silinda nyingine. Mwaka 1892, karakana nyingine ya Paris, iliyoanzishwa na Mtaliano wa Modena, ilipata hataza ya kitabu cha kadibodi kinachokunjwa, chenye matundu. Wamarekani wakashika karatasi ya kuviringishwa. Hadi hapo njia zimeachana. Lakini tazama mdomo wa filimbi nyembamba: kuna kipande kidogo cha chuma kinachoiwezesha kulia kama fidla. Nacho kilitoka karakana ile ile ya Paris, na utakikuta Ujerumani na Marekani pia. Kilisafiri na nani?

Njia inapita Waldkirch, katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, mji wa waunda vinanda. Wapenzi wa vinanda husema modeli kubwa ya North Tonawanda, namba 165, ni nakala ya kinanda cha huko. Weka picha za vyote viwili sambamba: nyuso zinafanana kama mapacha. Ila cha Waldkirch husoma kitabu kwa vibonyezo 69, na cha Marekani husoma karatasi yenye safu 75 za matundu. Muziki wa kimoja hauchezeki kwenye kingine. Kwangu mimi, huyo ni ndugu aliyelelewa nyumba nyingine. Tena ile karakana ya Paris yenye hataza ilikuwa na tawi Waldkirch, kwa hiyo hata huo "Ujerumani" una mlango wa uani. Nani alijifunza kwa nani?

Katalogi za zamani hazinisaidii tena. Zinauza uso, na uso nimeshauacha. Kilichobaki ni kuzitoa filimbi zenyewe, za kinanda cha Waldkirch na cha North Tonawanda, na kuzipima upana, urefu na mkato wa mdomo, moja baada ya nyingine. Ni mwenye kinanda gani atakubali kufunguliwa chake?