Idara ya Afya na Watu wa Ngulyati: Historia Fupi

Kamati ya sherehe imeniomba historia fupi ya idara yetu, nayo inaitaka upesi. Basi nitakaa kwenye miaka ninayoipenda na mingine nitaikimbiza. Anayetaka majengo na tarehe za ufunguzi akasome mabamba ya ukutani. Mimi nimeagizwa niwaeleze vijana jinsi idara ya afya ya Bariadi ilivyojulikana Ngulyati kabla ya mabamba hayo. Siku hizo idara ilikuwa mtu aliyefika kwa baiskeli, na hata alipohamishwa akaletwa mwingine, jina halikubadilika: Bwana Afya.

Bariadi ilimegwa kutoka Maswa, na sote tulikuwa Mkoa wa Shinyanga. Mgonjwa wa kweli alipelekwa hospitali ya Somanda, kwa mkokoteni wa ng'ombe kama mbuga ilikuwa kavu, kwa machela kama ilikuwa masika. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeelekeza macho ya nchi vijijini, na Madaraka Mikoani ya 1972 yakashusha kazi nyingi hadi wilayani. Ndipo ukaja mwaka 1973, na kampeni ya Mtu ni Afya.

Vijana hawawezi kuamini namna ile. Watu wa Elimu ya Watu Wazima walitoa vitabu, Radio Tanzania Dar es Salaam ikarusha vipindi, na kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchi nzima wakakaa kwenye vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakabishana: malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu. Waziri wa Afya alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Alipokuja kuwa Rais mwaka 1985, sisi watu wa afya tulitamba sana kwamba alipitia kwetu.

Somo la kichocho halikuhitaji picha huku kwetu. Watoto wachungaji huogelea kwenye malambo yale yale wanayonyweshea ng'ombe. Somo la choo ndilo lililotutoa jasho. Udongo wa mbuga, ule mweusi, hupasuka kiangazi na kuvimba masika, kwa hiyo shimo zuri la Septemba huporomoka Machi. Kwenye luseni, kwenye mchanga, shimo huchimbika upesi na kuanguka upesi vilevile. Dawa ikawa mawe, na mawe Bariadi si haba: ukingo wa mawe kutoka mdomoni kwenda chini, juu yake magogo, kisha udongo wa kichuguu uliopondwapondwa, na kifuniko chenye mpini ili nzi wasipite. Bwana Afya alipima kwa kamba yenye mafundo, akaingia shimoni mwenyewe na viatu vyake, jambo ambalo wazee walilizungumza kwa muda mrefu kuliko mahubiri yake yote.

Lakini kilichokuwa kigumu kuliko udongo ni heshima. Kwa Wasukuma baba mkwe na mkamwana hawakutani ovyo, na wazo la kupishana kwenye mlango mmoja wa choo lilikuwa aibu isiyosemeka. Ukimtisha mzee kwa faini, alijenga choo kizuri, akakifunga. Mkaguzi alikikuta kisafi kuliko nyumba, maana hakijawahi kutumiwa hata siku moja. Ilibidi Bwana Afya akae, anywe maziwa, aulize. Yakaja makubaliano ya vyoo viwili kwa kila mji, cha baba upande wa zizi na cha akina mama upande wa jikoni. Gharama ilikuwa mara mbili, lakini vilitumika. Kwa maoni yangu hakuna mwongozo wowote wa wizara uliotusaidia kuliko kikao kile cha maziwa.

Operesheni Vijiji ikafuata, na agizo kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wawe vijijini. Wapo waliohama kwa hiari na wapo waliohama kwa namna nyingine, na sherehe hii si mahali pake. Kwa upande wetu ilikuwa neema yenye mzigo. Neema, kwa kuwa watu waliokuwa wametawanyika na ng'ombe wao sasa waliweza kuitwa kwa kengele moja. Mzigo, kwa kuwa kisima kimoja kilihudumia wengi, na kipindupindu kilikuwa kimeonekana nchini mwaka 1974.

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na pamoja nao likaja lile jokofu la mafuta ya taa. Muuguzi wa zamani atakwambia kwamba alilala akiliwaza. Mwali ulitakiwa uwe wa buluu. Ukigeuka wa njano, utambi umechomeka vibaya, bomba limejaa masizi, na baridi imekwenda zake pamoja na chanjo ya surua. Basi kila alfajiri mtu alipiga magoti, akachungulia chini ya jokofu, akakata utambi kwa mkasi. Siku ya huduma ya mkoba, ya kuwafuata watu vijijini, chupa zilipakiwa na barafu kwenye kikasha, kikasha kikafungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira wa tairi.

Mizani ilitundikwa kwenye tawi. Mtoto alivalishwa kaptula ya turubai yenye mikanda, akaning'inia akilia, na mshale ukatulia pale alipotulia yeye. Mabibi walicheka kwamba wajukuu wao wanapimwa kama pamba ya mnunuzi. Baadaye hao hao walijifunza kusoma kadi kuliko akina mama wenyewe: rangi ya kijani ni heri, kijivu ni onyo, nyekundu twende Somanda leo hii. Bibi mwenye kadi ya kijani mkononi aliizungusha kijiji kizima kabla ya kurudi nyumbani.

Miaka ya 1980 ilikuwa na shida zake. Sabuni iliadimika, mafuta ya jokofu yaliadimika, na kama si maboksi ya dawa muhimu yaliyoanza kuletwa zahanati katika miaka ile, sijui tungewapa watu nini. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, wapo waliotuangalia kwa jicho jingine. UKIMWI ulichukua wengi, na baadhi yao walikuwa wa idara. Na lilikuwapo lile jambo la mabibi wenye macho mekundu kuuawa kwa kushukiwa uchawi, ambalo Shinyanga nzima inalijua. Nitasema hili tu: maofisa afya walisimama kwenye mikutano ya vijiji wakaeleza kwamba macho hugeuka mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni na kwa trakoma, na kwamba trakoma inatibika. Wapo waliosikia.

Mengine kwa mpangilio. 1996, mgonjwa wa mwisho wa polio ya kirusi cha pori nchini. 2001, sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii. 2004, Hati Punguzo ya vyandarua kwa wajawazito. 2007, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. 2009, chanjo ya pentavalenti. 2012, Mkoa wa Simiyu unazaliwa na Itilima inakuwa wilaya, tukagawana watumishi na magari (kuhusu magari, tuache). 2013, chanjo za rota na nimonia. 2014, surua-rubela. 2017, mradi wa Uzazi Uzima wa Amref kwa fedha za Kanada. 2018, chanjo ya HPV kwa wasichana. 2021, chanjo ya UVIKO-19. 2022, m-mama, mjamzito apige 115 bure apate usafiri. 2023, sheria ya bima ya afya kwa wote. 2024, kipindupindu tena mkoani, na vibuyu chirizi vya kunawia mikono vikarudi milangoni.

Leo Ngulyati ina kituo cha afya, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanatembea na simu pale ambapo sisi tulitembea na daftari. Shukrani ziwafikie wakunga wa jadi waliokubali kuwasindikiza wazazi kliniki badala ya kuwazalisha wenyewe, walimu waliosimamia dawa za kichocho na minyoo, watoto waliozimeza huku wamekunja sura, wenyeviti wa vitongoji waliopiga mbiu, madereva wa Somanda, na mafundi baiskeli wa mnadani, ambao viraka vingi vya Bwana Afya hawajalipwa hadi leo.