AKIBA YETU NA MPUNGA WETU: TULIKOTOKA

Ndugu wanachama na wapenzi wa kikundi, tunapotimiza miaka kumi ni vizuri tuangalie tulikotoka, maana habari ya akiba haikuanza na sisi.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki ikaunda Benki ya Taifa ya Biashara. Mazao tuliuza kwenye ushirika, hadi vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976; sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwaka 1991 ikaja sheria iliyoruhusu benki za watu binafsi, na mwaka 1997 ile benki ya taifa ikagawanywa, ndipo ikazaliwa NMB. Lakini mama wa kijijini alibaki pale pale. Benki inataka dhamana, na shamba na nyumba mara nyingi ni jina la baba.

Ndiyo sababu ya vikundi. Mtindo huu wa hisa na sanduku ulianza kwa akina mama wa Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991. Baadaye ukafika Tanzania, tukauita VICOBA. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 ikavitambua vikundi kama chetu na kutaka visajiliwe.

Sasa tuje hapa Majimoto. Shida inakuja kabla ya mavuno: chakula kimekwisha, mtoto anataka sare na madaftari. Mama asiye na akiba anauza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Mavuno yakifika mpunga umejaa kila uwanja, bei iko chini. Miezi ikipita bei inapanda, na faida anaichukua mwenye stoo.

Mwanachama akikopa kwenye sanduku anavuka miezi hiyo. Gunia analiweka ndani, bei ikipanda analikoboa, anauza mchele. Hapo akiba imegeuka mtaji, na mtaji umegeuka biashara. Mwenye mashine anapata kazi, wabebaji wanapata chochote, halmashauri inapata ushuru. Uchumi wa taifa ni magunia kama hayo yakijumlishwa.

Lakini akina mama wenzangu, atakayekopa akanunua vitenge vya sherehe, mwakani atauza tena mpunga wa kijani. Na asiyerejesha ajue kuwa fedha ile ni hisa ya mwenzake, naye ana mpunga shambani. Turejeshe kwa wakati.