Njaa ya Majani ya Majini: Tarikhi ya Mtungi wa Gesi katika Tangi la Samaki

Mmea uliozama majini huishi katika ukata ambao mmea wa nchi kavu hauujui, kwa sababu hewa ya ukaa, ambayo ni chakula kikuu cha kila jani, hupenya ndani ya maji kwa mwendo ulio pungufu takriban mara 10,000 kuliko mwendo wake hewani, na maji yaliyotulia chini ya anga hayahifadhi zaidi ya nusu miligramu hivi ya hewa hiyo katika kila lita. Haja ya jani ya hewa hiyo ilikwisha kubainishwa na maulama tangu karne ya kumi na nane. Lakini wafugaji wa samaki wa mapambo walikaa zaidi ya miaka mia moja wakipanda majani katika matangi yao, wakayaona yakidhoofika, wakalaumu mwanga, wakalaumu mchanga, wala wasiilaumu njaa. Tarikhi ya mtungi wa gesi, yaani mtungi wa kuilisha mimea hewa ya ukaa, ni tarikhi ya kuchelewa huko.

Katika kiangazi cha mwaka 1779, Jan Ingenhousz, tabibu wa Kiholanzi aliyekuwa akiihudumia nyumba ya kifalme ya Austria, alikaa shamba karibu na London akizamisha majani mabichi katika vyombo vya kioo vilivyojaa maji, akaona kwamba maadamu jua linawaka, viputo vidogo huchomoza juu ya majani, hukua, kisha hupaa, na giza likiingia hukoma. Miaka 3 baadaye, mwaka 1782, Jean Senebier, mchungaji na mkutubi wa mji wa Geneva, alichapisha majaribio yake, naye ndiye aliyegusa kiini cha jambo letu: jani lililotiwa katika maji yaliyochemshwa hata hewa yake yote ikatoka halikutoa viputo hata likianikwa juani, ilhali jani kama hilo katika maji yaliyotiwa hewa ya ukaa lilitoa viputo kwa wingi. Yeyote aliyefunga mtungi wa gesi katika tangi lake analirudia jaribio la Senebier, ajue asijue.

Kwa nini basi elimu hiyo haikuwafikia wenye matangi? Kwa rai yangu, ilizibwa njia na fikira nyingine iliyokuwa nzuri mno. Mwaka 1849, Robert Warington, mkemia wa chama cha wauza dawa wa London, alitia samaki wawili wa dhahabu na mmea wa Vallisneria katika chombo cha galani 12. Majani yaliyooza yalipoyachafua maji, akaongeza konokono wa kuyala, na mwaka uliofuata akawaeleza wakemia wenzake kwamba viumbe hao walikuwa wakisaidiana: samaki humpa mmea hewa ya ukaa, mmea humrudishia samaki hewa ya uhai. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu akwariamu, na matangi yakaenea majumbani. Warington alisema kweli, na jaribio lake ni adhimu. Walakini waliomfuata waliifanya mizani yake kuwa itikadi, wakaamini kwamba pumzi za samaki wachache zatosha kulisha msitu wa majani. Hazitoshi, illa kwa mimea michache yenye kukinai.

Itikadi hiyo ilikuja kuvunjwa barabara katika miaka ya 1980. Huko Ujerumani, Kaspar Horst na Horst Kipper, waliokwenda kuichunguza mito ya nchi za joto ambamo mimea hiyo humea yenyewe, waliihimiza gesi kuwa haja ya lazima wala si anasa. Huko Japani, Takashi Amano wa Niigata, aliyekuwa mwendesha baiskeli wa mashindano kabla ya kuwa mpiga picha, husimuliwa kwamba alianza kwa kumimina maji ya soda katika tangi lake, akaona majani yakitoa viputo. Mwaka 1982 alianzisha kampuni yake. Alichukua Riccia, mmea ambao kwa desturi huelea, akaufunga juu ya mawe chini ya maji. Ukilishwa gesi chini ya mwanga mkali, kila ncha yake hubeba kiputo king'aavyo kama lulu. Nadhani picha zake za zulia hilo ziliwashawishi watu kuliko hoja zote za wakemia. Kazi yake kubwa ya mwisho, tangi la urefu wa meta 40 mjini Lisbon, ilifunguliwa mwaka 2015, mwaka aliofariki.

Amma mtambo wenyewe, hauna fumbo. Ndani ya mtungi gesi imekandamizwa hata ikawa umajimaji, na katika joto la nyuzi 20 shinikizo lake ni takriban mara 57 ya hewa tuivutayo. Regyuleta hulishusha hadi mara 2 au 3. Vali ya sindano hupunguza mkondo hata ukawa wa kiputo kimoja kimoja, vinavyohesabika katika kichupa cha maji. Vali ya njia moja huzuia maji yasirudi nyuma. Na mwisho kijiwe chenye vinyweleo huisaga gesi kuwa ukungu. Swichi ya saa huifungua kabla ya taa kuwaka na kuifunga usiku, kwa kuwa gizani mmea nao huitoa hewa hiyo, na samaki wakizidiwa hupanda juu wakitweta. Kiasi kinachotakiwa aghalabu ni miligramu 20 hadi 30 kwa lita, nacho hupimwa kwa dawa ya rangi katika kikombe kidogo cha kioo ndani ya tangi: buluu ni upungufu, kijani ni kadiri, manjano ni hatari. Dawa hiyo huchelewa saa moja au zaidi kugeuka. Kwa hiyo vali iguswe kidogo, kisha mtu angoje.

Afrika Mashariki gesi hii hutoka ardhini: huvunwa Rungwe katika mkoa wa Mbeya, na Kereita katika kaunti ya Kiambu, nayo hutumika katika vinywaji. Wa pwani azingatie joto, kwa maana kwenye nyuzi 30 shinikizo la mtungi hupita mara 70. Uwekwe kivulini, usimame wima, ufungwe ukutani kwa mnyororo. Ukilala, kitokacho ni umajimaji, nao huiharibu regyuleta.