Sabufa Nyuma ya Ukuta wa Babu

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa nyumbani Ifakara, na safari hii sikuitwa kwa msiba wala kwa harusi. Niliitwa na mpwa wangu. Kijana ameuza mpunga wake wa msimu, amelipa madeni, amemnunulia mama yake bati za kuezekea jiko, na kilichobaki anataka kukitia katika homu thieta ya chumbani kwake. "Mjomba, wewe ni mtu wa redio," aliniambia kwa simu. "Njoo unichagulie sabufa."

Nilikubali, lakini si kwa sababu ya sabufa. Chumba chake nakifahamu. Ni cha futi kumi kwa kumi, katika nyumba ya dada yangu pale Viwanja Sitini, na upande wa pili wa ukuta analala baba yangu mzazi, ambaye sasa amepita miaka 80. Nyumba haina dari. Ukuta unaishia kwenye mtambaa wa panya, na juu yake ni bati tupu. Mtu akikohoa chumba hiki, mwenzake wa chumba kile humwambia pole.

Kabla sijaeleza tulichonunua, naomba nirudi nyuma kidogo, kwani sauti katika nyumba zetu ina historia yake, na mpwa wangu haijui.

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD iliyotulea wengi wetu. Redio zenyewe hazikuwa zikitoka ng'ambo tu. Philips walikuwa na kiwanda Arusha, na Wajapani wa National walikuwa na chao Dar es Salaam, wakitengeneza redio na betri zake. Nyumbani kwetu ilikuwepo National ya bendi tatu, yenye mfuko wa ngozi uliotobolewa matundu mbele. Betri zikichoka zilianikwa juani kama samaki, na jioni redio iliongea tena, kwa sauti ya mgonjwa.

Nasema betri, na bonde letu ndilo linalotoa umeme! Mitambo ya Kidatu ilianza kuzalisha mwaka 1975, na ile ya Kihansi ikafuata mwishoni mwa miaka ya 90. Kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vichwa vya wakulima wa bonde zikielekea mijini, nao chini wakihesabu betri. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Redio ile haikuwa na chumba. Mahali pake palikuwa barazani. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Baba alikuwa katika kikundi kimojawapo, na hadi leo husema aliyechelewa alisimama nyuma, lakini hakukosa neno hata moja. Spika ilikuwa ndogo kuliko sahani ya chai, nayo ilitosha watu thelathini.

Mimi kumbukumbu zangu zinaanzia mwaka 1986, nikiwa na miaka saba. Ilikuwa masika, mto Kilombero umefurika na njia zimekatika. Jioni yakaja matangazo ya vifo. Watu wakanyamaza kama kawaida, kila mmoja akisikiliza majina ya upande wake. Likatajwa jina la shangazi yangu, aliyekuwa akiugua Morogoro. Baba alisimama, akakaa tena. Hakuizima redio, kwa sababu wengine nao walikuwa wakisubiri. Iliendelea mpaka jina la mwisho, ndipo wanawake wakaanza kulia, na hakukuwa na haja ya kumtuma mtoto nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Mtaa mzima ulikuwa umesikia.

Ikaja redio kaseti, na vijana wakagundua kitu kinachoitwa besi. Wasiokuwa na fedha za spika kubwa waliitoa spika ndogo wakaifunga mdomoni mwa mtungi wa maji. Hewa ya ndani ya mtungi hutetemeka kwa noti yake nzito, kama unapopuliza mdomo wa chupa, na muziki unavimba. Nathubutu kusema sabufa ya kwanza ya Ifakara ilifinyangwa kwa udongo. Akina mama waliokuta mtungi umegeuzwa kinanda wanayo maelezo yao, ambayo gazeti haliwezi kuyachapa.

Televisheni Tanzania Bara ilingoja hadi 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 70. Sisi wa mikoani tulichelewa zaidi. Sinema tulizitazama katika vibanda vya video, juu ya benchi, jenereta likinguruma nje. Kiingereza kilitupita, Kihindi kikatupita, mpaka walipotokea watafsiri wa sinema: Lufufu, na baadaye DJ Mack, watu waliochukua filamu ya wageni wakaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yake yenyewe. Watu walilipa kiingilio ili wamsikie msimuliaji. Bomu lililipuka, lakini kicheko kilimngoja yeye aseme kitu.

Na huko ughaibuni mambo haya yalianza kwa maneno pia. Mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, inasimuliwa kuwa aliudhika katika jumba la sinema kwa kuwa mchezaji alikuwa upande mmoja wa pazia na sauti yake ikatoka upande mwingine. Mwaka 1931 akaandikisha ugunduzi wa sauti ya pande mbili, tunayoiita stirio. Ngurumo zilikuja baadaye. Mwaka 1974 Wamarekani walionesha filamu ya tetemeko la ardhi, wakafunga majumbani mwa sinema masanduku makubwa ya besi ili watazamaji watikisike kwenye viti. Katika jumba moja mashuhuri la Hollywood ilibidi watundike wavu chini ya dari, isije plasta ikawaangukia wateja. Nilipomsimulia mpwa wangu alicheka sana. "Kumbe nao walilala ndani ya chandarua, mjomba!"

Basi tukaanza kazi. Rafiki yake mmoja wa Kibaoni alituazima seti ya spika tano na sabufa yake. Mbele ya sanduku pameandikwa maelfu ya wati. Nikaligeuza. Nyuma, kwenye karatasi ndogo karibu na waya, pameandikwa kwamba chombo chote kinakula wati 60. Nikamuuliza kijana: ng'ombe anayekula debe moja anaweza kukamuliwa mapipa kumi? Hapo alinielewa. Ukienda dukani, ndugu msikilizaji, anza kusoma nyuma.

Pili, zile spika tano. Mpango wake ni mzuri: tatu mbele, mbili ubavuni au nyuma ya msikilizaji, ili mvua ya kwenye sinema inyeshe pande zote. Lakini unahitaji diski au faili yenye sauti zilizotenganishwa hivyo, na mashine inayojua kuzitenganisha. Sinema za mpwa wangu hutoka kwenye flashi, nyingi zimetafsiriwa, na sauti yake ni ya pande mbili au moja tu. Kwa hiyo spika za nyuma hurudia yale yale ya mbele. Tena chumba chenyewe kitanda kimekula nusu. Spika ya nyuma ilikuwa shubiri mbili kutoka sikioni mwake, na ya mbele mita mbili. Alichokisikia ni ya nyuma peke yake.

Jambo la tatu ndilo lililonichukua muda. Tuliwasha, na papo hapo noti moja ya besi ikanguruma kuliko wenzake wote, bati likaitikia. Si kosa la sabufa. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Katika chumba cha mita tatu, wimbi la urefu wa mita sita hujikunja likatoshea barabara kati ya ukuta na ukuta, na hilo ni wimbi la mitetemo kama 57 kwa sekunde, karibu na noti ya La ya gitaa la besi. Chumba kikiwa cha mraba, kuta za pande zote mbili huchagua noti hiyo hiyo. Futi kumi kwa kumi, chumba kinachojengwa sana Tanzania, ni kibaya kwa besi! Na ukiisukuma sabufa pembeni kabisa, kwenye kona, unaizidishia.

Tukiwa katika hayo, baba aligonga ukuta kwa fimbo. Nikaenda. "Shikamoo baba, tunakusumbua?" Akasema kelele hazimsumbui, mradi anajua ni mjukuu wake. Kinachomsumbua ni kwamba redio yake imekufa. Nikaitazama: inaongea, taarifa ya habari inasomwa vizuri kabisa. Lakini yeye haisikii.

Hapo nilikaa kitandani kwake. Sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazotofautisha *pata*, *kata* na *tata*. Besi nayo, ikiwa kubwa, huzifunika hizo chache zilizobaki. Tena besi haizuiliwi na ukuta wa tofali. Nyembamba hurudi, nene hupita. Kwa hiyo kilichomfikia baba si muziki wala sinema. Ni ngurumo iliyosimama juu ya mdomo wa mtangazaji. Zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele, na jina lake linataja mitetemo pia, lakini ni nani atakayemshitaki mjukuu wake?

Nilirudi nikamwambia kijana. Hakujibu. Alipunguza sabufa mpaka karibu na sifuri, kisha akachomeka flashi nyingine, ya nyimbo za zamani. Ukaanza wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, yule bwana wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979. Nikamwambia aiongeze besi kidogo, kidogo tu. Baada ya muda mlango ukasukumwa kwa fimbo.

Baba alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Akauliza ni nani anayepiga lile gitaa nene. Wimbo ule aliusikia barazani miaka hamsini, na spika ya National haikuwa na uwezo wa kulitoa gitaa hilo. Sikio lenyewe lilikuwa likilijaza kwa kubahatisha kutokana na sauti za juu zilizopita. Sasa amelisikia lenyewe. "Rudia," akasema. Ukarudiwa mara tatu.

Mpwa wangu sikumkataza sabufa, na aliyetaraji nitamkataza anisamehe. Alinunua seti ndogo, spika mbili na sabufa moja, yenye kirungu cha besi kinachojitegemea, na tundu la betri ya sola kwa siku za kukatika umeme. Mahali pa kuiweka tulipatafuta kwa njia ya mafundi: sabufa inawekwa kitandani, pale kichwa kinapolala, wimbo unapigwa, na mtu anatambaa sakafuni akitega sikio. Panaposikika besi iliyo sawa, bila noti moja kuvimba, ndipo sabufa huhamishiwa. Kijana alitambaa akiwa na suruali yake ya kutokea. Mahali palipopatikana ni chini ya dirisha, karibu theluthi ya ukuta, mbali na upande wa babu yake, na tukaweka kipande cha godoro chini yake.

Kisha akahamisha kitu kimoja ambacho sikumwagiza. Spika mojawapo kati ya zile mbili ina waya mrefu. Usiku, saa ya taarifa ya habari, anaipitisha juu ya ukuta kwenye mtambaa wa panya na kuielekeza upande wa pili, sabufa ikiwa imezimwa. Nilipoondoka Jumapili baba alikuwa akilalamika kwamba msomaji wa habari anasoma haraka mno.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.